Jukwaa Zima Likiimba "Njoo Ule"

Niliitwa chuoni. Usidhani niliitwa kusoma, umri huo umenipita na hata ulipokuwepo sikuutumia. Niliitwa kwa sababu chuo kile cha Jedda kimejenga majengo mapya yanayotaka viyoyozi, na katika mji huu mtu akitaka kazi ya baridi ifanyike ikakamilika, atalitaja jina langu kabla hajamaliza chai yake. Skuli niliiacha nikiwa bado sijaota ndevu. Leo wahandisi wenye vyeti ukutani wananionyesha ramani zao, nami naziangalia mara moja tu, nawaambia hapa mmekosea, na kweli wamekosea. Sisemi kwa kujisifu. Au basi, najisifu kidogo. Nani mwingine atanisifu? Walionijua nilipoanza wamekwisha.

Nilifika mapema, nikazunguka nyuma ya jengo la utawala nikautazame uwanja wa mpira. Uwanja haupo. Pamejengwa banda la magari, mabati yamepauka kwa jua na nguzo zimesimamishwa ovyo. Ningepewa mimi, lisingeyumba vile. Mlinzi, kijana wa Kibengali, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia palikuwa na uwanja hapa. "Mafi," akasema, yaani hakuna, na akanyoosha mkono kunionyesha magari, kama kwamba siyaoni. Nikamkubalia. Nikasimama pale nilipokisia lilikuwapo goli la kusini, nikangoja nione moyo utasema nini. Haukusema kitu. Nilikuwa nimetoka Riyadh karibuni kumzika kaka yangu, na huko nako ilikuwa vivyo hivyo. Nilitia mchanga kwa mikono yangu, nikapokea pole za watu, na muda wote nilikuwa nakitazama kiyoyozi cha msikiti kinavyodondosha maji ukutani, nawaza kwamba hiki hakikufungwa sawa.

Basi nikapanda juu kwa mkurugenzi wa majengo. Ni mtu mzima, kanishinda kidogo kwa umri, ndevu kazitia hina. Akanitazama, akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiarabu chao cha Hijazi kama mimi si yule mtu wa ngoma. Hakungoja nimjibu. Alikusanya vidole vyake, akavipeleka mdomoni kama anayekula tonge, akaanza kuimba: "Njoo ule! Njoo ule!" Matamshi yake yalikuwa mabovu lakini wimbo ndio wenyewe, na pigo lake ndilo. Mkubwa wa ofisi, mbele ya karani wake, anaimba Kiswahili asichokijua. Akaniambia kuwa wimbo ule kawafundisha wanawe, nao huwaimbia wenzao wanaposhindana mpira mtaani. Halafu akainama mezani. Toka siku ile uwanjani, akasema, alikuwa anataka kuniuliza: tulikuwa tunasema nini? Lilikuwa tusi, si ndiyo?

Nitakwambia nilimjibu nini. Lakini wewe rafiki yangu nataka nikurudishe nyuma kwanza, kwa sababu wimbo ule una wenyewe.

Sisi tulikaa Ghulail. Wazee wetu walitoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nikiwa bado wa kubebwa, na walipofika hapa hawakuwa na kitu ila jamaa waliotangulia. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na ua, na ua ndio uliokuwa nyumba hasa. Mama alipika uani, alifua uani, alisuka nywele za majirani uani. Kwenye pembe kulikuwa na mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyotoka nayo kwao huku akiacha vitu vya thamani kuliko hiyo. Nazi zenyewe zilikuwa taabu kupatikana. Kulikuwa na Myemeni mmoja sokoni ambaye wakati mwingine alizipata kutoka melini, na siku hiyo mama alikuna, na sauti ile ya kukwaruza ikisikika mpaka njiani, watoto wa mtaa mzima walijua kwetu leo kuna wali wa nazi. Kaka yangu alikuwa akiisikia sauti hiyo huacha chochote anachokifanya. Akicheza mpira, aliuacha mpira.

Miaka ile mafuta yalikuwa yamepanda bei na nchi imepata pesa kwa ghafla, na mji ukaingia wazimu wa kujenga. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na mitambo ya kukoroga zege kabla ya adhana. Ukianua nguo kambani, unakung'uta saruji. Meli zilijipanga baharini zikingoja zamu ya kushusha, na kila aliyekuwa na mikono miwili alipata kazi. Baba alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda pale pale Ghulail, akishona kanzu. Kila mwanamume aliyepata pesa mpya alitaka kanzu mpya, na baba alishona mpaka vidole vikavimba. Alinunua cherehani ya pili, akaiweka karibu na yake, akaifunika kitambaa. Hiyo ilikuwa ya kaka. Baba hakumuuliza. Kwake yeye jambo hilo halikuwa la kuuliza, mtoto mkubwa wa fundi atakaa wapi isipokuwa kando ya fundi?

Kaka akapata nafasi ya chuo Riyadh. Zilikuwepo nafasi chache kwa wageni kama sisi, na yeye alikuwa na kichwa ambacho mimi sikupewa. Aliondoka baada ya sala ya Ijumaa, na sanduku lake lilikuwa la kuazima. Baba alisimama mlangoni. Hakupiga kelele, baba hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia, "Nenda. Utarudi hapa na njaa yako." Kaka akamjibu kwamba akirudi atakuwa ameshiba, na hilo ndilo lililomchoma baba. Akala yamini mbele yetu sote, kwamba mtu wa nyumba hii asiende kusema na yule mpaka aje mwenyewe aombe radhi. Mama alikuwa jikoni. Aliyasikia, akaendelea kupepeta mchele.

Yamini ya baba ilikuwa yamini. Misimu ikapita. Barua za kaka zilikuja tukasomewa na jirani, lakini hazikujibiwa.

Mimi nikaacha skuli mwaka uliofuata. Baba hakunitia kwenye ile cherehani ya pili, na mimi sikuitaka. Nikajifunga kwa fundi mmoja wa Kipakistani aliyetengeneza mashine za baridi, zile za zamani zenye majani makavu yanayorowekwa maji, na yeye alikuwa na kazi ya dahalia za wanafunzi pale chuoni Jedda. Hivyo ndivyo mimi nilivyoingia chuo kikuu, kupitia darini. Haikupita muda nikawa najua kila chumba. Nilijua nani anakoroma, nani anavuta sigara dirishani, nani anasoma kweli na nani amefungua kitabu ili mzee wake akitokea amkute nacho. Walikuwepo vijana wa kila nchi, Wasudani, Wayemeni, Wapalestina, Wanaijeria, na wenyeji waliotoka vijijini ambao walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Jioni walikaa barazani na sinia la fuli, yale maharage yao ya kupondwa, na mikate moto ya tamisi, wakibishana mpira, na mimi nikashuka na bisibisi yangu mfukoni nikabishana nao. Hakuna aliyeniuliza nasoma nini. Ulikuwa unajua mpira au huujui. Harufu ya majani yale yaliyolowa ndani ya mashine, na fuli, na siki, bado naweza kukuambia ilivyokuwa, lakini ni kama kukueleza nyumba ya mtu mwingine.

Timu yao ilikuwa nzuri ila mashabiki wao walikuwa hovyo. Walipiga makofi kama watu waliolazimishwa. Mimi nikaleta ngoma. Nikawafundisha kuitikia, upande huu unauliza, upande ule unajibu, na nikawatia nyimbo za kwetu. Hawakujua maana yake na hawakujali, maana walichotaka ni pigo. Unajua watu wa pwani tulivyo kwenye mashindano. Kwetu hata vikundi vya ngoma vikishindana, wimbo hauendi kumsifu mtu, unakwenda kumchoma, na hatajwi jina. Anayejijua ndiye atakayekasirika. Basi mimi nilikuwa nawachoma wapinzani kwa Kiswahili, jukwaa zima la Waarabu likiitikia, na mji mzima ukajua chuo kile kina watu. Niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote aliyekuja kabla yangu au baadaye. Muulize yeyote. Mkurugenzi yule, katika maisha yake yote ya chuo, alichokikumbuka ni mimi.

Na kule Riyadh kaka akawa winga wa kushoto wa chuo chao. Tulikuwa tunalisikia jina lake redioni.

Mara moja nilikwenda Riyadh na timu, tukapelekwa kulala kwenye dahalia zao. Baridi kavu, midomo inapasuka, na vumbi jekundu likikaa kwenye kila kitu. Asubuhi nikatoka uani kutafuta maji ya kunawa nikamkuta kaka anaanika jezi kwenye kamba. Alikuwa amenenepa mabega. Tulitazamana. Mimi nilikuwa na yamini ya baba shingoni, na yeye alikuwa na kiburi chake, ambacho kilikuwa ni cha baba hicho hicho. Akaanika jezi yake, akaikunjua mikono vizuri, akaingia ndani. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona. Akauliza kama kapungua. Nikasema kaongezeka. Siku hiyo nilimwona anakwenda sokoni mwenyewe kwa yule Myemeni, na akarudi mikono mitupu.

Msimu uliofuata vyuo hivi viwili vikakutana fainali, na fainali ikawa kwetu, Jedda. Kwa mara ya kwanza toka aondoke, kaka alikuwa anakuja kwenye mji wa mama yake. Redio ikatangaza, Ghulail nzima ikajua, na ndani ya nyumba yetu hakuna aliyelitaja jambo hilo. Siku yenyewe, asubuhi, niliamshwa na sauti ya nazi inakunwa. Myemeni alikuwa ameleta. Nikatoka uani, mama yuko juu ya mbuzi yake, nazi iliyokunwa inadondoka kwenye sinia, hakuniangalia.

"Baba yako kasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kasema tusiseme naye.

"Kuimba je? Kakataza?"

Nikafikiri. "Hakukataza."

"Basi sikiliza," akasema, na akaniimbia chini chini, akikuna kwa pigo la wimbo. Alikuwa ameutunga mwenyewe. Wanawake wa kwetu hufanya hivyo, wakiwa na neno ambalo haliwezekani kusemwa hulitia kwenye wimbo, na aliyekusudiwa akilisikia hulipokea kama limesemwa. Uwanjani yeye mwanamke hawezi kuingia, mambo ya hapa unayajua. Kwa hiyo alinituma mimi na ngoma yangu. Maneno yake yalikuwa haya, sijayasahau:

Uliyetoka nyumbani, njoo ule.
Wali umefunikwa, njoo ule.
Hapana atakayekuuliza, njoo ule.
Mlango haukufungwa, njoo ule.

Akaniimbisha mara mbili tatu mpaka akaridhika. Na samaki wa kupaka alikuwa keshamtia chumvi.

Jukwaa letu siku hiyo lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Jua la alasiri lilikuwa usoni kwetu. Timu ya Riyadh ikatoka, na mimi nikamwona kaka anakwenda upande wake wa kushoto, na upande huo katika kipindi cha kwanza ulikuwa ndio wetu, tuliweza kuona soksi zake. Nikawapa wanafunzi kiitikio. Njoo ule ni rahisi kwa ulimi wa Mwarabu, wakaishika mara moja. Mmoja akaniuliza maana yake, nikamwonyesha kwa vidole, mkono mdomoni. Wote wakaiga na ishara ya mkono. Nikapiga ngoma, nikaimba mistari ya mama kwa sauti yangu yote, na mamia ya vijana wakamnyooshea vidole winga wa wapinzani na kumwambia, huku wakicheka, njoo ule, njoo ule.

Alisimama. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na yeye akasimama karibu na kibendera cha kona, akageuza uso wake kwetu. Mimi nilijua kasikia, na nilijua kaelewa, kwa sababu katika uwanja mzima hakuna aliyeweza kuelewa isipokuwa sisi wawili. Nikazidisha. Nilitaka asikie mstari wa mwisho, ule wa mlango. Uso wake haukuonyesha kitu.

Tukaimba karibu kipindi chote. Muda mfupi kabla ya mapumziko alipokea mpira, akamkata beki wetu, akaingia ndani, akapiga kwa mguu wake wa kushoto, kipa akabaki amesimama. Goli zuri, sitakudanganya. Wenzake wakamkimbilia, yeye akawakwepa, akaja kwetu. Alikuja mpaka kwenye mstari mweupe. Akanitazama mimi, si mwingine, akaweka kiganja chake tumboni, akapigapiga taratibu, kama mtu aliyetoka kwenye karamu. Kisha akageuka, akarudi katikati.

Jukwaa letu likalipuka kwa matusi na vicheko. Waliuona mchezo mtamu kabisa, sisi tumemwimbia na yeye katujibu. Mkurugenzi wangu yule aliniambia juzi kwamba katika maisha yake hajaona jibu la mchezaji kwa mashabiki kama lile. Mimi nikaendelea kupiga ngoma, maana mikono ilikuwa imeshazoea. Walitufunga goli hilo moja. Baada ya kombe basi lao likaondoka kwenda uwanja wa ndege, na mimi nikatembea na ngoma begani hadi Ghulail, nikipita Baghdadiya, maduka yakiwasha taa, watu wakinisemesha kuhusu mchezo na mimi nawajibu.

Nilikuta mlango wazi. Mama ameketi uani na sinia limefunikwa kawa mbele yake. Na baba ameketi hapo pia, uso wake kauelekeza mlangoni, mikono kanawa. Sikuwahi kumwona baba nyumbani saa ile, cherehani yake ilikuwa haifungwi kabla ya isha. Baadaye jirani mmoja, naye mtu wa Unguja, alitwambia ilivyokuwa. Walikuwa barazani mbele ya kibanda, wanasikiliza mchezo, na redio ikaleta sauti ya jukwaa, na katika sauti hiyo, Kiswahili. Wazee wakacheka, wakasema vijana wa Ghulail wanawachoma watu wa Riyadh. Baba hakucheka. Mwanamke anayetunga namna ile alimjua, alikuwa amemwoa yeye. Aliacha kanzu ya mtu sindanoni, akafunga, akaja nyumbani, akaomba maji ya kunawa, akakaa. Mama hakumuuliza. Wakamngoja mtoto wao pamoja bila ya kuambiana kama wanamngoja.

Nikaweka ngoma chini.

"Kasikia?" mama akauliza.

"Kasikia."

"Kasemaje?"

Nilikuwa kijana, sikujua namna ya kupamba. "Kasema kashiba."

Mama akabaki na mkono wake juu ya kawa. Baba akasema, "Basi tule sisi." Kawa likafunuliwa. Wali ulikuwa umeshapoa, na nazi yake imeganda pembeni, na sote tulikula mpaka ukaisha, kwa sababu siku ile hapana aliyetaka kuonekana amebakisha. Siku ya pili baba akawaita maskini wa mtaa akawalisha uani kwetu. Ilikuwa ni kafara ya yamini. Alihesabu kwamba ameshaivunja pale alipokaa kumngoja, hata kama aliyengojwa hakuja. Hakutueleza. Aliwagawia sahani kwa mkono wake, akarudi kazini.

Baba hakuishi sana baada ya hapo. Kaka alikuja mazikoni na akaanza kuja kila Idi, na baadaye akaja na mke na watoto, mtu mzima, mwalimu wa chuo, anaheshimika. Alimbusu mama kichwa, alimletea vitambaa na mafuta ya udi. Lakini hakula. Mama akifunua sahani, yeye husema nimeshiba, nimekula njiani, na ni kweli alikuwa amekula. Watoto wake waliniambia kwamba wakishuka ndegeni kwanza huwapeleka mkahawani. Mama hakumlazimisha. Alifunika tena sahani, akaiweka juu ya kabati, na jioni nikaila mimi. Nilishapata wafanyakazi wangu wakati huo, na gari mbili, nilikuwa nafunga viyoyozi kwenye majumba ya Hamra ambayo wenyewe hawajui yana vyumba vingapi, na kila Idi nilikula chakula cha kaka yangu kilichopoa. Tulikaa hivyo mpaka mama naye akaondoka. Hatukulizungumza hata mara moja. Nyumbani kwetu neno zito lilikuwa likiimbwa, na baada ya siku ile mama hakutunga tena, au alitunga na hatukusikia.

Mwaka huu kaka akalazwa Riyadh. Nilikwenda mara kadhaa, ndege ninaimudu, sikwenda kwa basi. Chumba chake kilikuwa na kiyoyozi kizuri, nilikisikiliza nikakikubali. Alikuwa hali kwa mdomo tena, kila kitu kikipita kwenye mpira wa puani. Tulizungumza habari za watoto, habari za ikama, vibali vya ukaazi vya wafanyakazi wangu, habari za mji unavyobomolewa. Siku moja akaniuliza, macho yake yako darini:

"Ule wimbo wa siku ya fainali, alitunga nani?"

Nikamwambia, "Mama."

Akanigeuzia uso.

"Mimi nilidhani ni baba," akasema. "Aliniambia nitarudi na njaa. Nikasikia jukwaa zima linanicheka, njoo ule, njoo ule. Wimbo wa uwanjani, mdogo wangu, utakuwa nini kama si kijembe?"

Nikamwambia yale ya baba, kwamba alifunga kibanda akaja akakaa akamngoja, mikono kanawa. Akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Muuguzi akaingia akabadilisha chupa ya maji, akatoka.

"Ulikuwa wali gani?" akaniuliza.

"Wa nazi. Na samaki wa kupaka."

Akafumba macho. Waliponipigia simu kwamba amefariki nilikuwa juu ya dari ya hoteli moja hapa Jedda, naangalia mafundi wangu wanavyounganisha mabomba. Nikawasubiri mpaka wakamaliza, nikajaribu mashine, ikatoa baridi, ndipo nikashuka.

Sasa hapo chuoni hapana uwanja. Dahalia zile zimebomolewa, mashine za majani hakuna tena anayezijua, ukiwaambia vijana wangu kwamba tulikuwa tunaleta baridi kwa majani na maji wananitazama kama nawapigia hadithi. Nyumba yetu Ghulail imekuwa ghala la matairi. Mbuzi ya nazi ninayo mimi, iko stoo, mke wangu hununua nazi ya unga ya pakiti. Wanaoujua ule wimbo ni mimi, na vijana mia kadhaa wa Kiarabu ambao sasa ni wazee, wako kwenye maofisi na kwenye majumba yao, wanawafundisha watoto wao, na hakuna hata mmoja anayejua anamwita nani. Ningependa kukwambia kwamba nikiyawaza haya nalia. Silii. Nayawaza kama ninavyowaza kazi niliyoikamilisha zamani, nakumbuka kila parafujo.

Basi mkurugenzi alikuwa bado ameinama mezani, ananingoja nimwambie kama lilikuwa tusi. Nikamwambia halikuwa tusi. Tulikuwa tunamwita mtu aje ale, mama yake kampikia.

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shemagi yake ya kichwani. Akasema mimi mjanja, miaka yote hii na bado namficha, lile lazima lilikuwa tusi zito kabisa. Nikamwacha acheke. Tukamaliza mambo ya kazi, na kazi nikaipata, kama nilivyojua nitaipata. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti, mkono wake begani kwangu, bado anaimba kidogo kidogo puani. Lifti ikafunguka nikaingia. Hapo akaacha kuimba. Akaweka mguu wake mlangoni, akanitazama usoni, na akaniuliza kwa sauti ya chini kidogo kama yule mtu alikuja.

Nikamwambia alikuwa ameshiba.